Njia za Miguu Zilizolea Kanisa Upareni

Anayepanda leo kwa gari kutoka Same kwenda Mbaga aweza kudhani kuwa barabara ndiyo iliyoleta Injili katika milima hii. Historia yatufundisha vingine. Kanisa la Upareni lililelewa na njia za miguu, na kitabu cha miaka 100 ya usharika hakiwezi kukamilika pasipo kuzitaja.

Njia hizo zilikuwapo kabla ya wamisionari. Wazee wetu walizipita kwenda kwenye magulio, kuposa, na kutunza mifereji na ndiva za kumwagilia mashamba. Misafara ya pwani ilipita chini, nyikani, ikielekea Kilimanjaro. Mwaka 1890 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita nchi hii kwa miguu, na miaka 10 baadaye, mwaka 1900, Misioni ya Leipzig ilianza kazi Shigatini, Upare Kaskazini. Katika miaka iliyofuata kazi hiyo ikaenea hata Upare Kusini, ambako Jakob Dannholz alikaa Mbaga na kuandika kitabu juu ya imani za Wapare, kilichochapwa mwaka 1916.

Reli ya kutoka Tanga ilipita Same na kufika Moshi mwaka 1911, lakini haikupanda mlima. Kutoka stesheni, kila kitu ambacho hakikupatikana huko juu kilipandishwa kwa mabega na vichwa vya watu. Majina ya wamisionari yameandikwa. Ya wapagazi wao, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa.

Njia ngumu kuliko zote ni ile ya kutoka Mbaga kwenda Chome kwa kuuvuka msitu wa Shengena, ambao kilele chake, chenye mita zipatazo 2,460, ndicho kirefu kuliko vyote Upareni. Msafiri huacha mashamba, akaingia kwenye kivuli cha mikulo, na hapo ukungu na utelezi humpunguzia mwendo. Jua likimchwea ndani ya msitu, hana budi kulala humo, na baridi yake si ya mchezo. Siku ya pili hushuka upande wa pili, kwenye makazi ya watu.

Thamani ya njia hizi ilidhihirika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, waliobaki kulichunga kundi ni walimu na wainjilisti wazalendo. Kutoka kilima kimoja hadi kingine hawakuwa na chombo cha usafiri ila miguu yao. Hivyo Kanisa halikufa.

Njia zile zile zilibeba pia kilio cha wananchi. Mwaka 1945 maelfu ya walipa kodi walishuka kutoka milimani hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na mwaka 1946 wanawake nao wakaandamana. Hatimaye kodi hiyo ilifutwa.

Siku hizi wanaoupanda Shengena na mabegi mgongoni wengi wao ni wageni, waliokuja kuona msitu na ndege wake mdogo mwenye duara jeupe machoni, asiyepatikana popote duniani ila Upare Kusini. Msitu wa Chome, wenye zaidi ya hekta 14,000, sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Twashukuru kwamba njia bado ina wapitaji. Hata hivyo, mgeni huonyeshwa kilele na mto. Nani atamwonyesha mahali wapagazi walipotua mizigo, au mwinjilisti alipolala?

Wanaojua mahali hapo ni wazee wachache. Tunawasihi vijana wa usharika wawaendee wazee hao, wawaulize majina ya wapagazi na ya vituo vyao, wayaandike, kisha waipite njia hiyo kwa miguu yao wenyewe wakiwa na orodha hiyo mkononi. Kazi hiyo haifai kungoja jubilei nyingine.