Kasisi na Bata Mwitu

Huenda ukashangaa, msomaji, nikikuambia kwamba mabadiliko makubwa ya bunduki za majeshi ya Ulaya yalianzia kwa bata. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Zamani mwindaji wa Uingereza alimnyemelea ndege akampiga akiwa ametua. Kumpiga angani ni ufundi ulioenea huko baada ya 1660, na ni ufundi mgumu. Fanya hesabu mwenyewe. Bata mwitu aweza kuruka kilomita 80 kwa saa, yaani kama mita 22 kwa sekunde. Marisau, zile punje ndogo zitumiwazo kwa ndege, huchukua yapata sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 30. Katika muda huo bata amekwisha sogea mita mbili na zaidi. Basi amlengaye bata mwenyewe hupiga hewa nyuma ya mkia wake. Yampasa mwindaji aufuatishe mtutu na ndege, ampite, afyatue mbele yake, wala asiusimamishe mtutu mara afyatuapo. Wengi hukosea hapo.

Sasa ongeza shida ya bunduki ya gumegume. Ulipofyatua, jiwe lilikwaruza chuma, cheche zikaangukia baruti iliyotiwa katika kisahani cha nje, ndipo moto ukapenya tundu na kuingia mtutuni. Kati ya mwako wa nje na mlio kulikuwa na kitambo. Bata kilimtosha kitambo hicho: aliuona mwako, akapinda au akapiga mbizi, na marisau yakapita patupu.

Alexander Forsyth, aliyezaliwa 1768, alikuwa kasisi wa Belhelvie, Uskoti, na mpenzi wa kuwinda ndege wa majini. Yeye hakuilaumu shabaha yake, aliilaumu bunduki. Alikuwa na elimu ya kemia, naye alijua kwamba ziko dawa zilipukazo kwa kugongwa tu. Mahali pa jiwe na kisahani akaweka nyundo ndogo ya kugonga dawa ya namna hiyo. Mwako wa nje ukatoweka, na kitambo kikafupika.

Mwaka 1806 akaenda London, na mkuu wa idara ya silaha, Lord Moira, akampa mahali pa kufanyia kazi katika ngome ya Tower. Mwaka uliofuata akaja mkuu mwingine, Lord Chatham, akamwondoa. Mwezi wa Aprili 1807 Forsyth akapata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Wawindaji wakanunua, jeshi likangoja zaidi ya miaka thelathini.

Ukaidi huo, nionavyo mimi, hauna udhuru. Katika majaribio ya Woolwich ya 1834, gumegume zilikataa kulia mara 922 katika 6,000. Zile mpya, zitumiazo fataki, mara 36 tu. Mwaka 1841, karibu na Canton nchini China, mvua ililowesha gumegume za askari wa Kihindi waliopigana upande wa Uingereza. Wakazingirwa, bunduki zao bubu, mpaka walipookolewa na askari wa manowari wenye bunduki za fataki.

Mwaka 1842 serikali ikamtunza Forsyth pauni 200. Akafa Juni 1843, na pauni 1,000 alizoongezewa baadaye wakagawiana jamaa zake.