Wapangaji wa Mtaa wa Lumumba

Ukishuka daladala Mnazi Mmoja ukakata kuingia Mtaa wa Lumumba, huoni dalili yoyote kwamba chuo kikuu kilianzia hapa. Unaona vitenge, maduka ya simu, mikokoteni inayodai njia kwa kelele, na bendera za kijani na njano kwenye ofisi ndogo ya makao makuu ya CCM. Wazee wa Kariakoo bado wanaukumbuka mtaa huu kwa jina lake la zamani, New Street. Hapa, ndani ya jengo la chama cha TANU, ndipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14, kutoka nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Aliyeongoza chuo alikuwa Cranford Pratt, Mkanada. Kwa Kiswahili cha chuo cha leo tungemwita Rasi. Amidi wa sheria alikuwa A.B. Weston, na pamoja naye walifundisha vijana kama William Twining na Patrick McAuslan. Bodi ya kitivo cha namna hiyo ingeweza kukaa mezani kwa mama ntilie na viti vikabaki.

Lakini bodi ilikuwepo, na hilo ndilo jambo la kukumbuka. Chuo kilikuwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kutoka huko kilirithi desturi moja nzito: mambo ya taaluma huamuliwa na wanataaluma wenyewe. Wao hupanga kinachofundishwa, hutunga mitihani, hujadili nani afaulu na nani arudie. Serikali, wafadhili na watu wa nje huketi kwenye Baraza la Chuo, wakishughulika na fedha, majengo na ajira. Upungufu wake ulikuwa mmoja: mitihani ililazimika kukubaliwa na London, na shahada zilitolewa kwa jina la London. Mwalimu wa Lumumba aliweza kumwambia waziri kwamba mtaala haumhusu. Mtahini wa London hakuweza kuambiwa hivyo.

Mwaka 1963 London ikaondoka, chuo kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake. Mwaka uliofuata walimu na wanafunzi wakafungasha vitabu wakahamia Mlimani, kama kilomita 13 kutoka katikati ya mji. Kilichobaki mjini ni elimu ya watu wazima: taasisi yake, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Makerere, ilikuwa chini ya chuo hadi ilipopata sheria yake mwaka 1975, na mpaka leo ipo jirani na Lumumba, kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Kuhama jengo la chama hakukumaliza suala la mwenye nyumba. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe, kisha akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Wakati huo Rasi alikuwa Wilbert Chagula, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kwa kanuni, kumfukuza mwanafunzi ni kazi ya vyombo vya chuo. Siku hiyo kazi ilifanyika Ikulu, na chuo kikabaki na orodha ya majina.

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, chuo kiliitisha mkutano kuhusu nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa. Ninaupenda mkutano ule kwa sababu walimu hawakuwa na sauti moja. Wapo tisa walioleta mapendekezo yao ya kubadili masomo yote yaelekee ujamaa. Wapo waliohofia kwamba mlango ukifunguliwa kwa siasa hautafungika. Walibishana kwa hoja, hadharani, na wanasiasa wakiwa wamekaa pale pale. Kujitawala kwa wanataaluma huonekana vizuri zaidi kwenye ubishi kama ule kuliko kwenye vifungu vya sheria.

Tarehe 1 Julai 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa Sheria Namba 12 ya mwaka huo. Rais wa nchi akawa Mkuu wa Chuo, na yeye ndiye aliyemteua Makamu. Wa kwanza akawa Pius Msekwa, aliyetoka moja kwa moja kwenye utendaji mkuu wa TANU. Chuo kilizaliwa ndani ya jengo la chama. Miaka tisa baadaye chama kikaja kukaa ndani ya ofisi ya chuo. Sisemi hili kumbeza Msekwa, aliyeongoza hadi 1977. Nasema tu kwamba Seneti ya maprofesa ilijikuta ikiongozwa na mtu ambaye hawakumchagua wala hakutoka miongoni mwao.

Mwaka 1971 moto ukawaka. Mwongozo wa TANU wa mwaka huo ulikuwa umekemea ubwana wa viongozi, na wanafunzi wakauchukua kama ulivyoandikwa. Simon Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa chama cha wanafunzi, alimwandikia Makamu barua ya wazi kuhusu utawala wake. Alifukuzwa mwezi Julai, na askari wenye silaha wakaingia Mlimani kumwondoa. Wanafunzi wakagoma kuingia madarasani.

Walimu nao walipata sauti yao rasmi kupitia UDASA, jumuiya ya wanataaluma wa chuo. Tarehe 19 Aprili 1990 jumuiya hiyo na wenzake wa vyuo vingine vya juu nchini walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Walidai taasisi ziwe huru mbele ya dola na walimu washiriki kuziendesha. Mwezi uliofuata serikali ilikifunga chuo, kikafunguliwa tena mwaka 1991. Miaka michache baadaye ukuu wa chuo ulitoka kwa Rais aliye madarakani ukaenda kwa Paul Bomani. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na hati idhini ya 2007 zikachukua nafasi ya sheria ya 1970.

Lakini kwa mwalimu wa kawaida, kujitawala maana yake hasa ni kikao cha matokeo. Mafaili yamepangwa mezani, chai imepoa, jina la mwanafunzi linasomwa pamoja na alama zake. Huyu ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Yule amedisko, yaani ameondolewa masomoni. Mwalimu mmoja anainua mkono: mbona somo langu wamefeli nusu darasa na la mwenzangu wamefaulu wote? Hapo kikao kinaweza kusimama saa nzima kwa alama mbili, na hakuna waziri wala meneja anayeweza kuwaharakisha.

Neno kishiriki bado lipo mjini. Mwaka 2005, Chang'ombe, umbali mfupi kutoka Kariakoo, kilianzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, chenye Rasi wake na vikao vyake vya taaluma. Walimu wa pale hufundisha, hutunga mitihani, husahihisha na kubishana juu ya alama kama wenzao wa Lumumba walivyofanya. Wakimaliza, makabrasha hupelekwa Mlimani kusubiri Seneti.