Mwenye Muhuri wa Reale

Mtu wa Ibaba ashukapo gulioni na kikapu chake cha viazi, huuliza, "Hela ngapi?" Neno hili latoka katika lugha ya Kijerumani. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Serikali ya Kijerumani iliyotolewa tangu mwaka 1904, na hela 100 zilifanya rupia moja. Kabla ya hapo haki ya kupiga fedha katika nchi hii walikuwa nayo watu wa kampuni moja ya biashara ya Kijerumani, na pesa zao 64 zilifanya rupia. Kampuni ikaondolewa haki hiyo, Serikali ikaitwaa. Leo kampuni haipo, wala Serikali ile haipo, na hela zenyewe hazinunui hata kibiriti. Lakini jina lao lingali kinywani mwetu katika milima ya Bundali.

Watu wengi husoma historia ya fedha wakiuliza sarafu fulani ilikuwa na thamani gani. Mimi napenda kuuliza swali jingine: ile chuma iliyoipiga chapa ilikuwa mali ya nani? Mfinyanzi wa Kikisi pale Ikombe, karibu na Matema, hufanya chungu kwa mikono yake tu. Hana kalibu ambayo mtu aweza kumwibia. Fedha si hivyo. Mchoraji huchora sura katika kipande cha chuma kigumu, sura ya kinyume, na chuma hicho ndicho muhuri. Huwekwa kidonge cha fedha kati ya mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu, kisha mashine hugonga kwa nguvu, na sura mbili hutokea mara moja. Mwenye mihuri hiyo aweza kufanya fedha elfu zilizo sawasawa. Ndiyo maana wafalme huifungia sandukuni.

Vita vya 1914 vilipofunga bandari, sarafu hazikuweza kuja tena kutoka Ulaya. Basi mwaka 1916 Wajerumani wakapiga fedha Tabora, katika karakana ya reli. Walifanya hela 5 na hela 20, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ambayo dhahabu yake ilichimbwa Sekenke. Mihuri ilichongwa na sonara mtu wa Ceylon: upande mmoja tai wa Kijerumani, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Zikapigwa sarafu za dhahabu 16,198 tu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikaisha. Herufi T iliyo juu ya hela zile ni ya Tabora.

Lakini muhuri uliogombewa kuliko yote katika upande wetu huu wa dunia ni ule wa reale ya Sham. Vijana hamkuiona fedha hii, na hata wazee wa bara hawakuitumia sana. Ilikuwa fedha ya pwani, ya Unguja, ya Arabuni na ya Uhabeshi, nchi iitwayo leo Ethiopia. Mahali pengi palikuwa na reale nyingine pia, ile ya Wahispania yenye nguzo mbili, ambayo watu wa pwani waliiita reale ya mzinga kwa kuwa nguzo zile walizidhani mizinga. Reale ya Sham yenyewe ina sura ya mwanamke mnene, kichwani amefunikwa ushungi wa ujane. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria tangu 1740. Mumewe alikufa mwaka 1765, naye akafa Novemba 1780.

Hapa ndipo pana ajabu. Fedha hizo zote, hata iliyopigwa miaka mia na sitini baada ya malkia kuzikwa, zimeandikwa 1780. Sababu yake ni wafanya biashara wa Mashariki. Walikwisha kuizoea, na walijua uzito wake, gramu 28 na kidogo, na kwamba sehemu 833 katika 1,000 ni fedha halisi. Mwarabu aliyepewa reale alihesabu vito vya bizimu lililo begani mwa malkia, akatazama ndege wa upande wa pili, akasoma kwa kidole maandishi ya ukingoni. Kama kimoja kimepungua, aliirudisha. Hata zile herufi S.F. zilizo chini ya sura, ambazo ni alama za maofisa wawili wa nyumba ya fedha ya Günzburg, hazikuondolewa baada ya mji ule kutoka katika mikono ya Austria. Wenyewe walikwisha kufa, lakini nani angethubutu kuzifuta?

Msidhani lilikuwa jambo dogo. Mwaka 1861, watoto wa Seyyid Said waliposhindania urithi, Lord Canning wa Uhindi alihukumu kwamba Majid wa Unguja amlipe ndugu yake Thuwaini wa Maskati 40,000 kila mwaka, na hesabu hiyo ilikuwa ya reale hizi. Huko kwao Austria, miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1858, zilikuwa zimekoma kuwa fedha halali. Mtu wa Vienna hakuweza kununulia mkate fedha ambayo kwayo masultani wawili walipatanishwa. Waingereza nao, walipokwenda kupigana na Mfalme Tewodros mwaka 1867, walilazimika kuagiza reale Vienna, kwa kuwa Wahabeshi hawakutaka fedha nyingine.

Walijaribu wengine kuiga. Seyyid Barghash alipiga reale yake mwenyewe yenye mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Mfalme Menelik alipiga yake yenye sura yake. Wataliani katika Eritrea, mwaka 1918, walifanya fedha yenye mwanamke aliyefanana kidogo na malkia, wakitumaini kwamba watu hawatatambua. Watu wakatambua, wakaikataa. Nami nawasifu kwa hilo.

Kisha ukaja mwaka 1935. Mussolini alikuwa akijitayarisha kuingia Uhabeshi, naye alijua kwamba wapagazi, nyumbu na nafaka za huko hazinunuliwi kwa karatasi. Akapatana na Serikali ya Austria, na mihuri ya malkia ikapelekwa Roma, pamoja na haki ya kuitumia peke yake kwa miaka 25. Mwezi wa Oktoba majeshi yake yakavuka mpaka. Nchi ikashambuliwa, na chombo kimojawapo cha kuishambulia kikawa ile fedha ambayo watu wake waliiamini.

Wafanya biashara wa Kiingereza waliokuwa wakinunua kahawa na ngozi kando ya Bahari ya Shamu hawakupenda kuomba reale Roma. Basi mwaka 1936 nyumba ya fedha ya London ikachonga mihuri yake, ikaanza kupiga. Hoja yao ilikuwa hii: fedha isiyo halali katika nchi yake, yenye sura ya malkia aliyekufa zamani, si fedha ya dola yoyote, basi kuipiga si kughushi. Hoja hii ina werevu mwingi kuliko haki, lakini haikujibiwa kwa urahisi, maana reale ya London ilikuwa na uzito ule ule na fedha ile ile. Aliyeipokea hakudhulumiwa hata chembe. Aliyedhulumiwa, kama yupo, ni mwenye mkataba. Paris na Brussels wakapiga pia, na wakati wa vita vya pili Bombay, kisha Birmingham. Hivyo mkataba wa Roma ukabaki maneno, kwa sababu kila reale iliyokuwa mkononi mwa mtu yeyote yaweza kunakiliwa ikawa muhuri mpya.

Ethiopia ilipata dola yake yenyewe mwaka 1945. Muda wa Wataliani ulipokwisha, Austria iliziomba serikali nyingine ziache kupiga reale, nazo zikakubali; tangu 1962 kazi ikawa ya Vienna peke yake. Oman waliendelea kuzitumia mpaka walipopata fedha yao mwaka 1970. Nyumba ya fedha ya Vienna ingali inapiga reale za Maria Theresa, nazo huuzwa kwa wapendao kukusanya sarafu, na kila moja imeandikwa 1780.