Silaha na Sheria katika Maniema: Tangu Gumegume Hadi Leo

Leo tutaongea juu ya sheria za kubeba silaha: zilitoka wapi, zilimlinda nani, na zinatuomba nini.

Siku moja mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kabambare aliniuliza: "Mwanangu, ninyi wa sheria mnasema vijana watoe bunduki. Wakizitoa, usiku nani atatulinda?" Sikumjibu upesi. Swali hilo ni la zamani katika jimbo letu, na linastahili jibu la kweli. Tuanze basi na historia.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko kule Nyangwe, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walifyatua bunduki katikati ya soko. Wamama waliokuja kuuza walikimbilia mto Lualaba, na wengi walizama. Mskoti David Livingstone alikuwapo, akayaandika aliyoyaona. Wakati ule hapakuwa na sheria yoyote ya silaha hapa. Mwenye bunduki ndiye alikuwa serikali. Ndivyo alivyopata nguvu Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, aliyetawala biashara kutoka Kasongo.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalitia sahihi mapatano kule Bruxelles. Yalitaka kuzima biashara ya watumwa, na yaliona kwamba bunduki ndiyo iliyoilisha. Basi yakakataza kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digri ya 20 kaskazini mpaka digri ya 22 kusini. Bunduki za kisasa zilizuiliwa kabisa, isipokuwa kwa wachache. Mtu aliyekubaliwa kuwa nayo ilibidi silaha yake itiwe alama na kuandikwa kwenye daftari, naye apewe kibali chenye jina lake. Kibali kilidumu miaka 5, na kilinyang'anywa akiitumia vibaya. Gumegume, ile bunduki ya kuwashwa kwa jiwe, iliweza kuruhusiwa, pamoja na baruti ya kawaida.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Mambo haya matatu, yaani alama, daftari na kibali chenye jina, ni mazuri. Hata leo ndiyo msingi wa sheria ya silaha. Lakini nani alishika daftari? Ni Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold wa Pili. Jeshi lake, Force Publique, lilikuwa na bunduki za Albini. Mwaka 1893 liliteka Nyangwe mwezi wa tatu na Kasongo mwezi wa nne. Watumwa waliambiwa wamepata uhuru. Kisha katika sehemu nyingi za Kongo walinzi wenye bunduki waliwekwa vijijini kuwalazimisha watu kuleta mpira. Tume ya uchunguzi ya mfalme mwenyewe, katika ripoti yake ya mwaka 1905, ilieleza maovu ya walinzi hao. Sheria ilimzuia mwanakijiji, lakini haikumzuia aliyetumwa na wakubwa. Ndiyo sababu wazee wetu walijifunza kuficha silaha.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, hofu ile haikuondoka. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuchukua mji huu wa Kindu, na jeshi likaurudisha mwezi wa kumi na moja mwaka uleule. Kila mara mji ulipobadilisha wenyewe, silaha zilibaki nyuma.

Tarehe 3 Septemba 1985, Rais Mobutu alitia sahihi sheria namba 85-035 juu ya silaha na risasi. Inasema kwamba raia hawezi kuwa na bunduki bila kibali cha serikali, hata bunduki ya kuwinda. Silaha za vita si za raia hata kidogo. Sheria ilikuwa imeandikwa vizuri, lakini karatasi haizuii risasi. Mwezi wa kumi 1998 waasi wa RCD waliuteka Kindu, na kandokando Mai-Mai wakajipanga. Mwaka 2002 mji ulizingirwa, na kwenda shambani kukawa kucheza na kifo. Wengi wenu mnakumbuka njaa ile.

Baadaye Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliweka mambo mawili. Kifungu cha 52 kinampa kila Mkongomani haki ya amani na usalama. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kikundi cha kijeshi au kuwapa vijana silaha, na kosa hilo kinaliita uhaini mkubwa. Vifungu hivi viwili vinaenda pamoja. Serikali inayomwambia raia "usishike bunduki" imejifunga kumlinda.

Sasa ninamjibu mama yule. Mama, hofu yako ni ya haki. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba bunduki iliyofichwa kwa ajili ya ulinzi huanza kudai chakula, kisha barabara, kisha watoto. Jioni inamlinda jirani. Asubuhi inamtoza kodi.

Kwa hiyo ninawaomba. Wewe uliyekimbia, usikubali silaha ifichwe pale mnapolala, maana itawaita maadui kwa watoto wenu. Ukiona risasi au bomu, usiguse, mjulishe chefu. Wewe chefu, usimpe kijana silaha, hata kwa siku moja. Anayerudisha bunduki, mpeleke pamoja na mashahidi, na ombeni karatasi ya mapokezi, ili isirudi njiani kwa mlango wa nyuma. Na wakubwa wa usalama, mkipokea bunduki ya kijiji, mmepokea pia usiku wa kijiji hicho. Mkaulinde.

Muda wetu umekwisha. Mjadiliane haya nyumbani na barazani.