Nani Alichagua Kitabu? Vitabu vya Sayansi katika Madarasa ya Juu ya Tabora, kutoka Njia ya Misafara hadi Sasa

Mji wa Tabora upo takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji safi huchemka karibu na nyuzi 96 za Selsiasi, si 100. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayechovya kipimajoto katika maji yanayotokota na kusoma 96 hana budi kuamua: ama kipimajoto ni kibovu, ama kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi pwani. Mara nyingi huamua kwamba kipimajoto ni kibovu, na katika daftari lake huandika 100.

Uamuzi huo una historia. Mnamo Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kaze, makazi ya wafanyabiashara Waarabu katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Miongoni mwa mizigo ya wapagazi wao vilikuwemo vipimajoto vya kuchemshia maji. Kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na kiwango cha kuchemka hushuka pamoja nayo, msafiri aliyejua kiwango hicho aliweza kukadiria urefu wa mahali alipo. Speke alipofika kwenye Nyanza tarehe 3 Agosti 1858 alikadiria mwinuko wa ziwa kwa njia hiyohiyo. Fizikia ya kuchemka kwa maji ilifanyika kwa vitendo katika nchi hii zaidi ya miaka sitini kabla Tabora haijawa na shule ya sekondari. Vipimo vilichukuliwa hapa, vikapelekwa London, na vilipokuja kurudi vikiwa ndani ya vitabu vya shule, mahali vilipotoka palikuwa pamesahauliwa.

Insha hii inajadili swali moja tu: katika historia ya elimu ya sekondari ya juu Tabora, ni nani aliyechagua vitabu vya sayansi, na kwa kigezo gani? Kwa kawaida mjadala wa vitabu nchini hujikita katika uhaba, yaani vitabu vingapi kwa wanafunzi wangapi. Uhaba ni kweli. Hata hivyo, zana zilipokuwepo bado mtu fulani alizichagua, na maoni yetu ni kwamba historia ya uchaguzi huo inaeleza mengi ambayo hesabu ya nakala haiwezi kuyaeleza.

Hapa biashara ya misafara inatoa ulinganisho usiotarajiwa. Wasomaji wengi huichukulia kama mfano wa bara kupokea chochote kilichoamuliwa pwani. Kumbukumbu za wasafiri, Burton akiwa mmoja wao, zinaonyesha kinyume. Shanga zilizopanda kutoka Bagamoyo zilikuwa za aina nyingi sana, na kila nchi ilikuwa na matakwa yake: huku walitaka sami-sami nyekundu, kule nyeupe au nyeusi. Merikani ilipendwa mahali fulani na kaniki mahali pengine. Mfanyabiashara aliyefunga frasila za shanga zisizotakiwa Unyanyembe alikuwa amelipa wapagazi kubeba takataka kwa miezi mitatu. Kwa hiyo aliuliza kwanza. Mteja wa bara, ambaye hakuwahi kukanyaga Unguja, alikuwa na sauti katika ghala la Unguja. Ni vigumu kuonyesha kipindi chochote cha karne ya ishirini ambapo mwalimu wa kemia wa Tabora alikuwa na sauti ya namna hiyo katika ghala la vitabu.

Wabelgiji waliuteka mji kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, na baada ya vita Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza. Mwaka 1922 serikali yao ilifungua Shule ya Tabora, hapo mwanzo kwa ajili ya watoto wa machifu. Shule ilikusudiwa kulea watawala wasaidizi, na sayansi haikuwa kiini chake. Baadaye, milango ilipofunguliwa kwa misingi ya uwezo, lengo likawa mtihani wa Cambridge na nafasi ya Makerere. Kuanzia hapo kitabu kilichaguliwa na mtihani. Kitabu chema kilikuwa kile kilichofuata muhtasari wa Cambridge, na mwandishi wake alidhani, bila kosa lolote la makusudi, kwamba msomaji anayajua majira manne ya mwaka na mkaa wa mawe.

Tusiuhukumu utaratibu huo kwa haraka. Julius Nyerere alipita katika shule hiyo, akaingia Makerere mwaka 1943, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's ya Mapadri Weupe hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Mojawapo ya masomo aliyofundisha ni biolojia. Kitabu cha kigeni kilikuwa pia hati ya kusafiria, na kijana wa Kinyamwezi aliyekimudu hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amesoma sayansi ya daraja la pili. Hofu ya kupewa sayansi ya daraja la pili ndiyo iliyowafanya wazazi na walimu wengi kuvitetea vitabu hivyo muda mrefu baada ya uhuru, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi.

Idadi ya waliofika ngazi za juu ilikuwa ndogo mno. Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaja kwamba mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 176 tu wa kidato cha sita, na kwamba mwaka huo wa 1967 walikuwa wamefikia 830. Kwa soko dogo kiasi hicho hakuna mchapishaji ambaye angetunga kitabu cha fizikia cha kidato cha sita kwa ajili ya Tanzania. Hivyo kitabu cha Nelkon na Parker, kilichotoka Uingereza mwaka 1958, kikawa msahafu wa fizikia ya madarasa ya juu, na katika shule nyingi heshima hiyo hakijaipoteza hadi leo.

Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa mwaka 1973, na mwaka 1975 ikaanzisha Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Kwa mara ya kwanza mtihani, muhtasari na kitabu vingeweza kuamuliwa ndani ya nchi. Kisha uchumi ukaanguka. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vitabu kutoka nje pamoja na kemikali za maabara vikawa adimu pia. Katika miaka hiyo mwalimu akawa mchaguzi bila kuteuliwa na mtu. Alikuwa na nakala moja ya kitabu na ubao mmoja, na alichokinakili ubaoni ndicho kilichokuwa kitabu cha darasa zima. Kwa lazima alikata. Alibakiza fasili, kanuni na hesabu zilizokokotolewa. Aliacha maelezo ya jaribio, historia ya ugunduzi na mazoezi ya kufikiri. Desturi ya notisi inayolalamikiwa sasa ilizaliwa na ukata, na mtihani ukaizoea.

Kilichoachwa nje katika vipindi vyote hivi ni mkoa wenyewe. Urambo, magharibi ya mji wa Tabora, ilikuwa moja ya sehemu tatu za mpango wa karanga uliotekelezwa na Waingereza kati ya 1947 na 1951, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango ulikufa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, kwa sababu ambazo nyingi ni za kisayansi: mvua isiyopimwa kwa miaka ya kutosha, udongo usiochunguzwa, mashine zisizolingana na misitu waliyoikuta. Baada ya karanga ikaja tumbaku, na ukaushaji wake kwa moto ukaanza kula miombo. Humo mna kemia ya udongo, fizikia ya joto, ekolojia na takwimu za mvua, na ushahidi wake uko mwendo mfupi wa gari kutoka darasani. Mwanafunzi wa Tabora hukutana na mpango wa karanga katika somo la historia, kama kisa cha ukoloni, na hurudi kwenye maabara bila kuambiwa kwamba ni kisa cha maabara pia.

Kuanzia miaka ya 1990 serikali ilikabidhi uchapishaji kwa wachapishaji binafsi, na kamati ya ithibati, iliyojulikana kwa kifupi kama EMAC, ikapewa kazi ya kupitisha vitabu. Shule sasa zingeweza kuchagua kati ya vitabu kadhaa vya somo moja. Kwa maandishi huo ndio wakati mwalimu alipokuwa na uhuru mkubwa zaidi. Kwa vitendo uhuru huo ulitegemea fedha ya shule na wakala wa mchapishaji aliyefika Tabora kwanza. Katika madarasa ya juu, vitabu vya S. Chand kutoka India vilienea kwa bei yao na wingi wa maswali yaliyokokotolewa, mara nyingi vikiwa vivuli vilivyofungwa kwa pini. Wakati huohuo, shule za kata zilizoongezeka baada ya mpango wa mwaka 2004 zilipeleka wanafunzi wengi mbele ya mtihani bila maabara. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Mwanzoni mwa 2013 mbunge James Mbatia aliwasilisha bungeni hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu, vitabu vikiwemo, na mwaka huohuo EMAC ikavunjwa. Kazi ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na pamoja nayo kanuni ya kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo.

Suala la lugha haliwezi kutenganishwa na hilo. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike sekondari, serikali haikulitekeleza. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulibaini kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Mwaka 1990 TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, ambayo bado haijapata darasa la kidato cha tano la kuihudumia. Kitabu huchaguliwa kwa kulinganishwa na muhtasari, ukurasa kwa ukurasa. Ni nadra kulinganishwa na Kiingereza ambacho mwanafunzi wa Sikonge au Kaliua anaingia nacho kidato cha tano.

Vitabu vya Taasisi sasa vinasomeka pia katika maktaba yake ya mtandaoni, na mzigo hauhitaji tena mpagazi wala reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Mkuu wa idara ya sayansi amebakiwa na uchaguzi wa vitabu vya rejea, vifaa vya maabara na mifano atakayoitumia. Kipimajoto na sufuria ya maji vimo katika uwezo wa shule nyingi. Kusoma 96 na kuiacha 96 daftarini, kisha kuuliza kwa nini, hakuhitaji kibali cha ithibati.