Namna Wavuvi Walivyojifunza Kuchukua Chambo Kizima

Mvuvi akitaka samaki mkubwa, hutia chambo penye ndoana. Kwa samaki wengine chambo kilichokufa kinatosha. Lakini wako wengine, wepesi na wakali, wapendao hasa samaki mdogo anayechezacheza majini. Hapo ndipo shida inapoanza. Mvuvi atamchukuaje samaki mdogo akiwa mzima, toka pwani mpaka penye vilindi? Akimtia ndani ya ndoo pamoja na wenzake wengi, baada ya muda mfupi samaki hupanda juu, hupanua kinywa, kisha hugeuza tumbo. Chambo kimekufa, na safari ni bure.

Wasomaji, shida hii ni ya kale sana. Tutazame namna watu wa nchi mbalimbali walivyoishinda.

Karibu na Roma, penye bandari ya kale aliyoijenga Kaisari Klaudio, watu walitengeneza kiwanja cha ndege cha Fiumicino. Katika kazi hiyo, kati ya miaka ya 1958 na 1965, walifukua mabaki ya merikebu za Warumi. Miongoni mwake kulikuwa na mashua ndogo ya mvuvi, ya karne ya pili. Katikati yake mna kisanduku cha mbao, na chini ya kisanduku ubao wa mashua umetobolewa matundu. Je, mashua haikuzama? Hapana. Maji ya nje yaliingia ndani ya kisanduku tu, yakapanda mpaka usawa wa bahari, yakakoma hapo. Kuta za kisanduku ziliyazuia yasienee, na sehemu nyingine za mashua zilibaki kavu. Basi, samaki waliovuliwa walisafiri ndani ya maji yale yale ya bahari mpaka sokoni.

Waingereza nao walitumia akili kama hiyo. Mwaka wa 1712 bandari ya Harwich ilipata mashua yake ya kwanza yenye kisima cha samaki ndani yake. Barafu ya kuhifadhia samaki haikuwa bado katika kazi ya uvuvi, na samaki wa mbali alikuwa akioza njiani. Kwa kisima hicho wavuvi waliweza kuleta samaki wazima kutoka mbali.

Lakini hao walichukua samaki wa kuuza. Walioendeleza sana kazi ya chambo kizima ni watu wa visiwa vya Maldivi, katika Bahari ya Hindi. Msafiri wa Maroko, Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka wa 1343, aliandika habari za samaki wao waliokaushwa na kuuzwa nchi za mbali. Samaki huyo ni jodari. Wavuvi wa Maldivi humvua kwa fimbo na ndoana, lakini kwanza humtupia samaki wadogo walio hai ili kundi lote lije karibu na mashua. Katika mashua zao za zamani walitoboa matundu chini na kuyaziba kwa vizibo. Wakiwa na chambo, walizibua: maji yaliingia kwa chini, na watu wengine wa mashua walikuwa na kazi moja tu, kuyateka na kuyamwaga nje bila kupumzika. Mtekaji akichoka, chambo chafa. Chambo kikifa, hakuna jodari, na watoto nyumbani hawana chakula. Tangu mwaka wa 1974 mashua hizo zilianza kutiwa mashini, na baadaye pompa zikachukua kazi ya mikono.

Sababu ya hayo yote ilijulikana vizuri nyuma. Mwaka wa 1774 Mwingereza Joseph Priestley aliitenga hewa inayowasha moto sana, na Mfaransa Antoine Lavoisier akaipa jina la oksijeni. Samaki huivuta hewa hiyo majini kwa matamvua yake. Nayo ni kidogo sana: litre moja ya maji matamu yenye joto la digri 10 huweza kushika miligramu 11 hivi, na kwa digri 30 haifiki 8. Kwa hiyo maji yakipata joto, hewa hupungua. Samaki wakizidi, huimaliza upesi.

Katika karne ya 20 wavuvi wa jodari wa San Diego, huko Marekani, walichukua dagaa wazima ndani ya matangi makubwa yenye pompa. Siku hizi hata mvuvi wa kayaki hufanya vile vile. Kayaki ni mtumbwi wa Wainuit wa nchi za barafu, waliouunda kwa mbao na ngozi za sili. Sasa nyingi ni za plastiki. Mwenye kayaki aweza kujitengenezea tangi kwa pipa dogo la plastiki. Liwe la mviringo, maana penye pembe samaki husongana na kujiumiza pua. Pompa ndogo ya betri ya volti 12 huleta maji kwa mpira ulioelekezwa kandokando ya ukuta, ili maji yazunguke na samaki waogelee pamoja. Karibu na ukingo wa juu hutobolewa tundu lenye wavu, maji yapate kurudi baharini. Betri hufungiwa ndani ya kisanduku kisichoingia maji.

Tena kuna hatari isiyofaa kusahauliwa. Litre 30 za maji ni kilo 30, uzito wa mtoto wa miaka kumi, tena mtoto asiyetulia: mtumbwi ukilala upande, maji nayo hukimbilia huko. Kwa hiyo tangi huwekwa katikati na kufungwa imara, hujazwa mtumbwi ukiwa umekwisha kuelea, na humwagwa kabla ya kupita penye mawimbi ya pwani.

Kwenye ziwa Victoria, wavuvi wa sangara hutumia kambare wadogo kuwa chambo. Kambare hudumu hata katika maji machache, kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Dagaa hana kipawa hicho. Mwenye kumchukua hana budi kumletea maji mapya safari nzima, na kuridhika na wachache. Atakayejaza tangi kwa tamaa atafika kilindini na mizoga.