Kitonga na gari la kuchomeka

Kiongozi wa Rhodesia, Ian Smith, alipojitangazia uhuru, Novemba 1965, Zambia ilikosa njia ya mafuta. Malori yakabeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, vumbi kiangazi, tope masika. Barabara ikabatizwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likapunguza mzigo 1968, lami ikafuata.

Mlima Kitonga, kwenye barabara hiyo, haukwenda popote. Malori bado hushuka taratibu, breki zikinuka.

Gari la kuchomeka, la petroli na umeme, hupenda mteremko huo: mota hugeuka jenereta, chaji ikapanda. Ila kwa atokaye Morogoro, betri ya kilomita 50 hivi huwa imekwisha kabla ya Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima. Mlima hupandwa kwa petroli. Kwa safari fupi za Mbeya mjini, Uyole hadi Mwanjelwa, soketi ya nyumbani yatosha, umeme usipokatika.